Punda Dume na Daftari Lake

Tuanze na hesabu. Ukimpandisha punda jike wako Juni hii, atazaa Juni mwakani, kwa kuwa mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na mara nyingine huvuka hapo. Mtoto ataachishwa ziwa Desemba. Akifika miaka miwili utaanza kumzoesha kamba na hatamu, lakini mkokoteni uliojaa magunia asiuguse kabla ya kutimiza miaka minne. Kwa hiyo punda unayempanga leo ataanza kukulipa baada ya miaka mitano. Ukikosea jogoo, vifaranga watakuambia baada ya wiki tatu. Ukikosea dume wa punda, utajua mtoto akiwa amefungwa mkokotenini na miguu inapishana.

Pamoja na uzito huo, wengi wetu tunazalisha punda kwa bahati nasibu. Jike anafunguliwa kando ya barabara ale majani, dume wa mtu asiyejulikana anakatiza, na mwaka mmoja baadaye tunashangaa mtoto katoka mdogo kuliko mama yake alivyokuwa. Mfugaji wa ng'ombe ana mbegu ya chupa na mtaalamu wa uhimilishaji wa kumpigia simu. Mwenye punda ana dume wa jirani, basi. Ndiyo maana kijiji chenye dume mmoja mzuri, anayetunzwa na mtu mmoja mwenye daftari, kina mali kubwa kuliko kinavyodhani.

Na punda wamepungua. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo machinjio yalifunguliwa ili ngozi ziende China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na wizi wa punda usiku ukawa habari ya kila wiki. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15. Sawa, lakini kusimamisha kuchinja hakuzai punda. Kuzaa ni kazi yetu, na jike hutoa mtoto mmoja kwa mimba.

Tujifunze kwa wenye farasi

Kabla ya trekta, mashamba ya Uingereza yalilimwa na farasi wakubwa wa kukokota: Shire, Clydesdale, Suffolk. Mkulima mdogo hakufuga dume. Dume alimfuata. Msimu wa kupandisha ulipofika, mtunzaji alimshika farasi dume hatamu na kutembea naye shamba hadi shamba, njia ileile kila wiki, akigawa kadi iliyoonyesha baba wa dume, mama yake, siku atakayopita na ada ya kupandisha. Vyama vya kuandika ukoo vilianza kwa kufuatana: cha Suffolk na cha Clydesdale 1877, cha Shire 1878. Kumbukumbu zao zina kina hata cha kutisha. Farasi wote wa Suffolk walio hai leo, upande wa baba, wanarudi kwa dume mmoja aliyezaliwa 1768. Na mwaka 1918 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba dume hazungushwi kupandisha bila leseni, ili wenye kasoro za kurithi wasisambaze kasoro zao.

Farasi wenyewe hatuwezi kuwaleta. Ndorobo na homa ya farasi zingewamaliza, na wakibaki wangetumaliza sisi kwa kula. Tunachoweza kuazima ni desturi: dume aliyechaguliwa, ada inayojulikana, ukoo ulioandikwa.

Kumchagua dume

Jike mwenye kasoro huharibu mtoto mmoja kwa mwaka, tena wako. Dume mwenye kasoro huharibu ishirini, na wengi wao wako kwa majirani zako. Kwa hiyo usiwe na haraka wala huruma. Nenda kumwangalia asubuhi, kabla hajafanya kazi, na urudi tena jioni akiwa amechoka.

1. *Meno.* Fungua midomo uangalie meno ya mbele. Mawili ya katikati ya kudumu huota akiwa na karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni kabisa miaka minne na nusu. Ukikuta meno ya utoto bado yapo katikati, huyo ni kijana, mwache. Angalia pia kama safu ya juu inakutana na ya chini. Dume ambaye meno ya juu yamechomoza mbele kama mdomo wa kasuku hakati majani vizuri, na anaweza kuwarithisha watoto kasoro hiyo.

2. *Miguu.* Simama mbele yake, kisha nyuma. Miguu ishuke wima kama nguzo, magoti yasigusane wala kutazama nje. Mwambie mwenyewe amtembeze kwenye ardhi ngumu huku wewe umefumba macho. Hatua nne zisikike kwa mlingano mmoja. Inayosikika nyepesi kuliko nyingine ni ya mguu unaouma. Kisha inua kwato moja moja. Kwato za punda husimama wima kuliko za farasi, hiyo ni asili yake, lakini zisiwe zimejikunja kama kiatu cha Aladini.

3. *Kifua na mgongo.* Anayekokota anasukuma kwa kifua. Kiganja chako kikae kwa nafasi kati ya miguu ya mbele. Mgongo uwe mfupi na ulionyooka, usiobonyea kama machela.

4. *Korodani.* Mbili, zote zimeshuka, zinalingana. Aliye na moja asizalishe, hata akiwa mzuri namna gani.

5. *Kazi.* Hili watu hulisahau, na mimi naliweka juu ya yote. Mwone akivuta. Omba afungwe mkokoteni wenye mzigo wa wastani apande mlima mdogo. Dume anayeinamisha kichwa na kusukuma bila kupigwa ndiye unayemtaka. Anayesimama njiani, akalala au akauma aliye karibu, mrudishie mwenyewe na salamu.

6. *Mama.* Uliza kama mama yake yupo. Kama yupo, nenda ukamwone yeye na ndugu wa dume. Ziara ya dakika kumi kwa mama inafundisha kuliko saa nzima ya kusifiwa dume na anayemuuza.

Utakuta watu wanachagua kwa rangi, au kwa ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani. Msalaba hauvuti mkokoteni.

Umri wa kuanza kazi hii ni miaka mitatu. Ataonyesha hamu mapema zaidi, hata kabla ya miaka miwili, na hapo ndipo vijana wengi huharibiwa. Mwaka wa kwanza mpe majike wachache, wasizidi wawili kwa wiki.

> Na waliobaki?
> Kupata dume mmoja mzuri hakuna maana kama wengine sita wabaya wanazurura sokoni. Kubalianeni kijijini wahasiwe. Umri mzuri ni kati ya miezi 6 na 18, na kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo, kwa ganzi. Kupondaponda kwa mawe au kukata kwa wembe ni ukatili, na pepopunda huua punda haraka. Punda aliyehasiwa hutulia, hapigani, na huvuta vilevile.

Jike naye ana masharti

Usipokee kila jike anayeletwa. Awe na miaka mitatu au zaidi. Pitisha mkono mbavuni: uzihisi mbavu bila kubonyeza sana, lakini usizihesabu kwa macho ukiwa mbali. Aliyekonda mno huenda asishike mimba, na akishika atailipia kwa mwili wake. Asiwe na vidonda vya mkanda wala shingo. Asiwe anatokwa na uchafu ukeni. Na ukubwa wake usipishane sana na wa dume, hasa kama ni mimba ya kwanza.

> ONYO: dorini
> Huu ni ugonjwa wa farasi na punda unaoambukizwa kwa kupandana. Mdudu wake ni ndugu wa yule wa malale, lakini hahitaji ndorobo. Dalili ni uvimbe sehemu za siri, mabaka ya mviringo yaliyovimba kwenye ngozi, kukonda huku anakula, na miguu ya nyuma kulegea. Ubaya wa punda ni kwamba anaweza kuubeba bila kuonyesha chochote. Hauna chanjo. Usimpokee jike asiyejulikana alikotoka, na ukiona dalili yoyote kati ya hizo, simamisha dume siku hiyohiyo umwite daktari wa mifugo. Ugonjwa huu unatakiwa kuripotiwa serikalini.

Kumjua jike aliye kwenye joto

Mzunguko wa punda jike ni siku 23 au 24, na joto lenyewe hukaa siku 6 hadi 9. Dalili yake ukiiona mara moja huisahau. Jike hunyoosha shingo mbele, hulaza masikio nyuma, kisha huanza kutafuna hewa: mdomo unafunguka na kufunga, taka-taka-taka, kama bibi asiye na meno anayejaribu mahindi ya kuchoma, mate yakidondoka. Huinua mkia, hupanua miguu ya nyuma, hukojoa kidogokidogo. Asiye na joto hufanya kinyume: hupiga mateke, na dume anayejua kazi yake hujitenga haraka.

Yai hutoka kuelekea mwisho wa joto. Kwa sababu hiyo kumpandisha mara moja siku ya kwanza na kwenda nyumbani ni kupoteza ada. Anza siku ya pili au ya tatu, rudia kila baada ya siku moja, hadi jike mwenyewe akatae. Mara tatu au nne zinatosha.

Aliyezaa huingia joto mapema, pengine ndani ya wiki mbili. Mruke joto hilo. Tumbo la uzazi halijapona, na mimba za joto hilo hushika kwa shida.

Siku yenyewe

1. Chagua mahali tambarare, pasipoteleza, mbali na barabara. Watoto wote waondoke, wa watu na wa punda. Dume anaweza kumuuma mwanapunda hadi kumuua.

2. Watu wazima wawili, mmoja kwa kila mnyama, wote upande wa kushoto. Dume avae hatamu imara na kamba ndefu. Hata awe mpole vipi, usimpe mgongo. Dume akiuma hang'ati na kuachia, hung'ang'ania.

3. Funga mkia wa jike kwa kitambaa safi, osha nyuma kwa maji ya uvuguvugu, kausha.

4. Waache waonane wakiwa na uzio au boriti katikati. Jike akitafuna hewa na kusimama, endeleeni. Akipiga mateke, ahirisheni.

5. Subirini. Hapa ndipo wengi hukosea. Dume wa punda si fahali. Hupanda juu bila kuwa tayari, hushuka, huondoka hatua ishirini, husimama amewageuzia mgongo kama aliyekasirishwa, hunusa kinyesi, hurudi. Nusu saa hupita hivyo, na ni kawaida kabisa. Anayempiga fimbo kwa kudhani ni mvivu atamharibu, na dume aliyeharibiwa hivyo huchukua miezi kurudi.

6. Akimaliza, mkia wake hupiga juu na chini mara kadhaa. Ashuke mwenyewe. Mtembeze jike dakika chache, kisha kivulini, apate maji.

7. Andika. Kabla ya kunawa, kabla ya chai.

Daftari

Mwaka wangu wa kwanza na dume sikuandika kitu. Jirani alileta jike mwezi Machi, akapandwa mara moja, akaondoka. Mwaka uliofuata, Mei ikiwa inakaribia kwisha, akaja na mwanapunda mwenye mguu uliopinda, akitaka ada yake irudi. Kwa kumbukumbu zangu jike yule alishinda sokoni mwezi wote baada ya kutoka kwangu, na huko madume ni wengi. Kwa kumbukumbu zake, sivyo. Hapakuwa na karatasi ya kutuamua. Nilirudisha pesa, na hadi leo sijui mtoto yule alikuwa wa nani.

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Ukurasa mmoja kwa kila jike, na maandishi yawe hivi:

> *Jike:* kijivu, doa jeupe paji la uso, sikio la kushoto limechanika. *Mwenye:* (jina, kijiji, simu)
> *Umri kwa meno:* miaka 5. *Amezaa mara:* 1
> *Ameonekana na joto:* 3 Juni. *Amepandwa:* 5, 7, 9 Juni. *Alikataa:* 11 Juni
> *Aangaliwe tena:* kuanzia 26 Juni
> *Atarajiwe kuzaa:* kuanzia mwisho wa Mei mwakani
> *Amezaa:* ____ *Jinsia:* ____ *Kasoro:* ____

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio usiojazwa. Mwombe mwenye jike akupigie mtoto akizaliwa. Ukiona kasoro ileile kwa watoto wa majike wawili tofauti, dume ahasiwe, na hili halina mjadala hata kama umemlipia pesa nyingi.

Makubaliano na mwenye jike yaandikwe pia, nakala mbili, sahihi mbili. Yaseme:

☐ Ada ni kiasi gani, na inalipwa lini. Mimi hupokea nusu jike akipandwa, na nusu mtoto akisimama na kunyonya.
☐ Joto likirudi baada ya siku 23 au 24, jike arudi bila kulipa tena, hadi mara ngapi.
☐ Jike akilala kwako, nani anamlisha na kwa kiasi gani kwa siku.
☐ Akiumia au akifa nani anabeba hasara. Neno baya kulitaja, lakini litajeni.
☐ Jike hataachwa na dume mwingine hadi ipite siku ya 24 na joto lisirudi.
☐ Akitoka wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mifugo kiwepo.

Usishushe ada ili kuvuta wateja. Dume anayepanda kila siku huchoka, mbegu zake hupungua, na majike hurudi bure kwa wingi.

Mimba hadi kuzaa

Miezi ya mwanzo jike aendelee na kazi nyepesi. Miezi mitatu ya mwisho, na mitatu ya kwanza baada ya kuzaa, asikokote wala kubeba. Najua hapa mapato yanakatika. Panga mapema: pandisha ili miezi hiyo iangukie msimu usio na mizigo, kama mavuno ya kwenu yanaruhusu.

Chakula si kigumu: nyasi kavu na mabua kwa wingi, majani mabichi kiasi, jiwe la chumvi, maji safi kila wakati. Jambo moja tu la kuogopa. Punda jike mwenye mimba asifunge. Akiacha kula hata siku moja, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na ini hushindwa kazi. Mwenye mimba anayesimama kona ya banda kichwa chini, chakula hakijaguswa, ni mgonjwa wa leo. Kesho inaweza kuwa umechelewa. Mwezi mmoja kabla ya kuzaa, muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda na dawa ya minyoo.

Kiwele hujaa wiki chache kabla. Matone kama nta yakitokea kwenye chuchu, usilale mbali. Wengi huzaa usiku, na jike akiona watu wamemzunguka anaweza kuahirisha. Kaa pembeni, taa ndogo, kimya. Maji yakishapasuka, mtoto hutoka ndani ya dakika 20 au 30: kwato mbili za mbele kwanza, moja ikitangulia kidogo, kisha pua juu ya magoti.

> PIGA SIMU KWA DAKTARI WA MIFUGO MARA MOJA UKIONA
> — Kitu chekundu kama mahameli kimetangulia badala ya utando mweupe. Kondo limebanduka na mtoto hana hewa. Pasua utando huo wakati mwenzako anapiga simu.
> — Dakika 30 tangu maji kupasuka na hakuna kinachosogea.
> — Mguu mmoja tu, mkia, au kichwa bila miguu.
> — Saa tatu tangu azae na kondo la nyuma halijatoka. Usilivute.
> — Mtoto hajasimama baada ya saa mbili, au hajanyonya baada ya saa tatu.

Kitovu kikatike chenyewe, kisha kichovye kwenye dawa ya ayodini. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mtoto ayapate ndani ya saa sita; baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupokea kinga iliyomo. Kondo likitoka, litandaze chini ulikague kama ni zima, maana kipande kilichobaki ndani huoza.

Miaka minne baadaye

Dume wako akifanya kazi vizuri, mabinti zake wa kwanza watafikia umri wa kupandwa wakati yeye bado ana nguvu tele. Na wataingia joto mapema kuliko unavyotaka, wengine kabla ya miaka miwili. Usisubiri. Wakiachishwa ziwa tu, watenganishwe naye kwa uzio wa kweli. Kamba ya katani haimzuii punda mwenye nia.

Baada ya hapo tafuta mwenye dume wa kijiji kingine, asiye na undugu na wako, mbadilishane. Hapa ndipo utakapojua kama yeye alikuwa anaandika. Kama hana daftari, omba kuwaona watoto watano wa dume wake, waliotoka kwa mama tofauti, na uwaone wakitembea. Kama analo, mpe lako alisome nawe usome lake, mkiwa mmekaa, kabla hata hamjaenda bandani.